Somo Yetu Hakukimbia

Sitaanza na mahali alipozaliwa wala ukoo wake. Swali hilo alikuja kuulizwa na watu waliofika na gari, tena mbele ya umati, na alilijibu mwenyewe. Nitaanza na mdomo wake, kwa sababu hapa kwetu Kibiti wengi tulimjua kwa mdomo kabla ya kumjua kwa sura.

Ni mwanamke mfupi, mwenye chale ndogo kwenye paji la uso na sauti kubwa kuliko mwili wake. Akisimama uani kwake kumwita mbuzi, wanawake wa nyumba ya nne huitika. Akikuamkia hakuachii nafasi ya kujibu. "Hujambo? Mbona umekonda? Mume hali au weye hupiki?" Ukija na jibu, yeye keshafika kwenye habari nyingine. Watu wasiomjua humwona jeuri. Sisi tuliopita mikononi mwake tunajua kwamba akinyamaza ndipo mambo yameharibika.

Kwetu huku, msichana akivunja ungo hukabidhiwa mwanamke mmoja amfunde. Mwanamke huyo si mama yake wala shangazi yake. Ni somo yake, na atakuwa somo yake mpaka mmoja wao afe. Mimi alinifunda yeye. Alimfunda dada yangu, akafunda karibu kila mwanamke wa rika langu kitongojini, na baadaye akawafunda binti zetu. Mambo ya ndani ya unyago hayaandikwi, na siyaandiki. Nitasema tu kwamba somo wengine hufundisha kuinamisha kichwa, naye alitufundisha kuinamisha na kuinua. "Adabu si shingo kuvunjika," alikuwa akisema. "Mwenye adabu anajua pia wakati wa kutazama mtu machoni."

Hakuna aliyemwita kwa jina. Wakubwa kwa wadogo walimwita Somo. Hata mwenyekiti wetu wa kitongoji, mzee mwenye mvi ambaye hakufundwa na mwanamke yeyote, alimwita hivyo.

Alikuwa na vituko vyake. Alitukataza ugoro kwa maneno makali, akisema mwanamke mwenye ugoro hunuka kama ghala la tumbaku, na huku kwenye pindo la khanga yake kulikuwa na fundo dogo ambalo sote tulijua lina nini. Dada yangu alipothubutu kumwuliza, alijibu bila kupepesa, "Miye nakuonyesheni ubaya wake." Alipenda mpira kupita vijana. Kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira alikuwa na kigoda chake mstari wa mbele, na mtu akikikalia aliondolewa kwa masikio.

Siku moja timu ya taifa ilicheza na Msumbiji. Kibanda kilijaa, na nadhani nusu ya watu hawakuja kutazama mpira. Walikuja kumtazama yeye. Wakati huo habari za kwao zilikuwa siri ya kila mtu: tulijua, hatukusema. Somo alikaa kimya kipindi chote cha kwanza, mikono mapajani. Kipindi cha pili tukafungwa goli la kizembe, mpira ukapita katikati ya miguu ya kipa. Somo akainuka. "Kipa gani huyu wetu?" akasema. "Kipa wetu huyu amelishwa nini?" Kibanda kizima kikacheka, naye hakuelewa wanacheka nini. Alikuwa na hasira ya kweli.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa na huruma kwa kila aliyetoka mbali. Wafugaji walipoanza kuingia bondeni na makundi ya ng'ombe, mpunga wake ulikanyagwa. Tangu siku hiyo aliwasema asubuhi na jioni. "Wakuja wale," alikuwa akisema. "Warudishwe kwao."

Nikamwambia, "Somo, na weye?"

"Miye nilikuja na kichwa changu tu, na kichwa changu hakili mpunga wa mtu."

Hapo ungejaribu kumbishia, ungekesha.

Kuna jambo moja sikulielewa kwa miaka mingi. Mwanamke huyu, aliyewahi kumfukuza mlevi mwenye panga kwa kutumia mwiko wa ugali, hakupanda basi kwenda Dar es Salaam hata mara moja. Nilipoolewa Mbagala, nilimtaka awe mbele ya msafara. Akasema tumbo linamsumbua. Nilipojifungua mtoto wa kwanza huko huko, nilimwita aje anikande. Akasema ana mpunga unaiva. Nilinuna. Nilipohamia tena Kibiti na mume wangu, nikafungua cherehani yangu karibu na stendi, nilimweleza kinyongo changu. Akakaa kimya, na kimya chake kikanitia wasiwasi. Kisha akasema, "Njiani kuna kizuizi, mwanangu. Askari hupanda kwenye basi, huuliza vitambulisho. Miye nina nini cha kumwonyesha?"

Alinisimulia siku hiyo, akiwa amekaa kwenye benchi la wateja, huku akivuta nyuzi zilizobaki sakafuni. Kwao ni ng'ambo ya Ruvuma. Vita vilipofika kijijini kwao alikuwa msichana mwenye matiti machanga. Walikimbia yeye, mama yake na watu wengine, wakitembea porini kuelekea mto. Mama yake aliugua njiani akafa kabla ya kuuona huo mto. Walimfukia haraka, bila sanda, kwa sababu nyuma kulisikika risasi. "Tukaambiwa tukimbie, tukakimbia," alisema. "Hata alama sikuweka." Upande huu alipokelewa, akafanya vibarua vya korosho, akasogea kidogo kidogo kuja kaskazini, akaolewa na mkata boriti wa visiwa vya delta. Mume alipofariki, alihamia kwetu na mtoto wake wa kiume, ambaye sasa anavua huko huko visiwani. Kambi za wakimbizi hakupita, na kwenye daftari la serikali hakuingia. Aliingia kwenye mashamba yetu na jikoni mwetu, na huko hakuna aliyemwuliza karatasi.

Walikuja kuuliza baadaye, na chanzo kilikuwa mtoto wa kike.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa mkaa jirani yetu, mtu mwenye uwezo na kauli. Binti yake alikuwa darasa la sita, na alikuwa amevunja ungo likizo iliyopita. Baba akampeleka mwenyewe kwa Somo. Alitaka mtoto achezwe ngoma haraka, kwa sababu kulikuwa na mtu wa Ikwiriri aliyekwisha kumposa. Nilikuwepo; nilikwenda kumpelekea Somo gauni alilonipa nilipunguze.

Somo alimwita msichana, akamketisha kwenye mkeka. "Shuleni mnacheza nini?"

"Rede," akasema yule mtoto, na uso wake ukafunguka. "Na kamba. Kamba nawashinda wote."

Somo akamgeukia baba. "Huyu nitamfundisha usafi wa mwili wake, na kujiheshimu, basi. Ngoma ya kumpeleka kwa mume simchezei. Mrudishe shule."

"Sikuja kukuomba ushauri," akasema yule bwana. "Nimekuja na mtoto wangu."

"Nami nimekujibu kuhusu mtoto wako. Na nitamwambia kila somo wa hapa asimguse. Atakayemchezea, hatakaa nami kwenye mkeka mmoja."

Yule bwana akacheka kidogo, kicheko cha kuumia. "Mtu asiye na kwao ananifundisha kulea." Akamshika mtoto mkono, wakaondoka.

Somo alichukua gauni lake, akalikagua mshono, akaniambia bega moja limepanda. Lakini jioni hiyo alikuja kwangu na kuniomba nimnong'oneze mwalimu mkuu habari ya yule mtoto. Nilimnong'oneza.

Haikuchukua wiki nyingi. Mwenyekiti alipata fununu kwamba maofisa wa uhamiaji wanakuja kumchukua mtu kitongojini, na hakuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuja kwa Somo asubuhi, akanikuta pale tunapepeta mchele. Hakukaa.

"Somo, kusanya vitu vyako viwili vitatu. Nina pikipiki hapo. Twende Nyamisati, uingie boti, ukakae kwa mwanao visiwani. Kule kwenye mikoko hakuna gari linalofika. Upepo ukitulia utarudi."

Somo aliendelea kupepeta. "Nikakae kwenye mikoko kama kaa?"

"Siku chache tu."

"Bwana mwenyekiti, nilishakimbia mara moja nikiwa mdogo, na nilimwacha mtu nyuma. Sasa miye ni mtu mzima. Miguu ya kukimbilia sina."

Mimi nilimsihi. Nilimwambia watampeleka mpakani na kumwacha kwenye nchi asikomjua mtu. Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Nikadhani anakusanya vitu. Alitoka amevaa gauni la harusi ya dada yangu, lile la kijani, na khanga mpya juu, na amejipaka wanja. Akakaa kizingitini. "Wakija wanikute nimependeza," akasema.

Walikuja kabla ya adhuhuri. Maofisa wawili na askari mmoja. Mkubwa wao alikuwa kijana mstaarabu, anayeongea Kiswahili cha watu wa bara. Alimwamkia shikamoo, akamwuliza alizaliwa wapi. Watu walikwisha kukusanyika. Somo akasimama na kumjibu kwa sauti yake ile ya kuitia mbuzi: "Ng'ambo ya Ruvuma. Msumbiji."

Kulikuwa na mguno. Nadhani hata yule kijana alitarajia uongo kidogo. Akamwambia wataondoka naye kwenda ofisini. Somo akatembea mwenyewe hadi garini. Kabla ya kupanda akamtafuta mwenyekiti kwa macho.

"Miye nachukuliwa," alimwambia. "Yule mtoto asichukuliwe. Umenisikia?"

Mwenyekiti akasema amesikia. Yule mfanyabiashara wa mkaa alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, na alisikia pia, na watu wote wakamgeukia.

Sasa niseme habari ya watu, maana sitaki mtu adhani kitongoji kizima kilisimama kama ukuta. Mchana huo huo kwenye stendi nilisikia mengi. "Sheria ni sheria," alisema muuza machungwa, ambaye mke wake alifundwa na Somo. Mwingine akasema siku zote alizishuku zile chale. Mwingine akasema ndiyo maana mashamba yanakwisha, wageni wamejaa, na ukimwachia mmoja wanaingia kumi. Wapo waliosema alikuwa akiwafundisha binti zetu mambo ya kwao. Wanawake wawili aliowafunda walifunga milango, kwa sababu mtu alisema kumhifadhi mhamiaji haramu nako ni kosa. Siwalaumu sana. Mume wangu mwenyewe aliniambia, "Wafikirie watoto kabla hujakwenda huko." Nikamjibu kwamba ninawafikiria, ndiyo maana nakwenda.

Kesho yake tulikwenda ofisini wanawake wachache. Keshokutwa tulikuwa wengi. Hatukubeba mabango wala hatukupiga kelele. Tulitandika khanga chini ya kivuli cha jengo, tukakaa. Wengine walinyonyesha, wengine walichambua mboga. Askari alitoka kutuuliza tunataka nini. Tukasema tumekuja kumtazama Somo.

Yule ofisa kijana akatoka pia. "Nyie ni nani wake? Ni ndugu?"

"Ni somo yetu," akajibu dada yangu.

"Somo gani?" akauliza, amekunja uso. "Analofundisha? Anafundisha somo gani, shule ipi?"

Tulicheka mpaka mama mmoja akapaliwa. Yule kijana akaona aibu, kisha akatabasamu, na hapo dada yangu akamsogelea, akamweleza somo ni nani. Alimweleza polepole, kwa heshima. Alimwambia huyo mliyemfungia ndiye aliyetufundisha kuwa wanawake, na kwamba hapa penye khanga hakuna asiyemwita hivyo. Ofisa alisikiliza, akaingia ndani.

Siku iliyofuata tuliitwa ofisini, mimi, dada yangu na mwenyekiti. Somo alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, gauni la kijani limekunjamana. Khanga yake mpya haikuwepo. Baadaye alituambia mahabusu alimkuta msichana wa Kirundi aliyekamatwa akipalilia shamba la mtu, anatetemeka kwa homa, na khanga alimwachia. Tangu alipotoka huko, bado anawatukana ng'ombe wa wafugaji, lakini lile neno la kwamba watu warudishwe kwao sijalisikia tena mdomoni mwake.

Ofisa alieleza hali ilivyo. Mtu huyu aliingia bila kibali na ameishi bila kibali. Mwenyekiti akaomba kusema na Somo pembeni, akakubaliwa. Tukajikusanya pembeni mwa chumba.

"Somo," akanong'ona mwenyekiti, "pale kitongojini ulisema kwa hasira. Hasira hufutika. Tuseme umezaliwa hapa hapa kwetu, Mbwara. Mimi nitaapa. Wazee wengine wataapa. Nani atapinga?"

"Mungu atakulipa kwa wema wako," akasema Somo, bila kunong'ona. "Lakini nikizaliwa Mbwara, yule aliyenizaa nitakuwa nimemfanya nini? Amelala porini bila sanda wala alama. Kitu pekee alichobaki nacho duniani ni kwamba miye ni mwanawe. Simkatai mama yangu nipate kitambulisho."

Ofisa alisikia kila neno. Chumba kilikuwa kidogo. Alizungusha kalamu mezani, akasema, "Mama, unajua naweza kuandika leo uondolewe nchini?"

"Andika, mwanangu, ndiyo kazi yako. Ila na miye nikuulize. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Miye walinipa jembe. Nimelima nalo, nimezaa hapa, nimezika mume hapa, na hawa nimewalea." Akatunyooshea kidole mimi na dada yangu, ambaye alikuwa analia. "Mtu aliyekwisha kupewa jembe, akawalisha waliompa, ugeni wake unabaki wapi? Weye umesoma. Nionyeshe."

Yule kijana akavuta karatasi. Alimwuliza mwenyekiti maswali, akatuuliza sisi, akaandika sana. Mwisho akasema wapo watu kama yeye, walowezi, walioingia zamani na kukaa, na ipo njia ya kuomba kutambuliwa, ingawa yeye si wa kuamua. Ombi litakwenda juu. Kwa sasa ataachiwa kwa dhamana yetu, na kila mwezi aje aripoti. Likikataliwa, ataondoka.

"Nimesikia," akasema Somo. Halafu akamwambia, "Kola yako imechanika. Mpe huyu aishone," akanionyesha mimi.

Nilimshonea.

Tulirudi naye kwa miguu, katikati ya barabara, na muuza machungwa akajifanya anapanga machungwa. Mfanyabiashara wa mkaa hakutoka nje siku hiyo. Mwalimu mkuu na mwenyekiti walikwisha kumwita na kumwambia kwamba wanajua habari ya mtu wa Ikwiriri, na kwamba kumwoza mwanafunzi ni jela. Binti alimaliza la saba, sasa yuko sekondari, na wikiendi huja kwa Somo kusuka mkeka na kusikiliza maneno ambayo hayaandikwi. Baba yake humwona akipita, na hamzuii. Somo naye humwamkia kila akikutana naye. "Hujambo, baba? Mbona umekonda?"

Jibu kutoka juu halijaja mpaka ninapoandika haya. Kila mwezi huvaa vizuri, hujipaka wanja, na kwenda kuripoti kama anayekwenda kwenye shughuli. Kuna miezi hurudi anacheka, na kuna mwezi mmoja alirudi akapita mlangoni kwangu bila kuniamkia, nami niliacha cherehani nikamfuata, tukakaa uani kwake mpaka giza bila kuongea. Sikumwuliza aliambiwa nini, naye hakunieleza.

Mara ya mwisho nilipomkuta ilikuwa wiki iliyopita. Nilisikia sauti yake kabla sijafika. Nyumba yake ya udongo bado imesimama, lakini mbele yake kiwanja kilikuwa kimefyekwa, na fundi mmoja alikuwa akivuta kamba kati ya mambo, vile vijiti vya kupimia msingi. Matofali aliyofyatua yeye na mwanawe yalikuwa yamepangwa kando. Somo alikuwa katikati ya kamba, mikono kiunoni.

Nilimwamkia, nikamwuliza anafanya nini.

"Hunioni? Najenga."

"Lakini Somo, jibu halijaja. Wakisema uondoke?"

"Wakisema niondoke, nitaondoka kwenye nyumba ya tofali. Wao wangoje wanavyongoja, miye mvua hazinisubiri."

Fundi alikuwa na malalamiko yake, na aliponiona alidhani nitamsaidia. "Mweleze, dada. Namwambia mlango tuuweke upande wa uani kama nyumba za wenzake, kule kuna kivuli na hakuna vumbi. Yeye anataka utazame barabara kuu. Tena anataka nyumba isogee mbele, karibu na lami."

"Usogee kwa nini, Somo?" nikauliza. "Magari yote yatakupigia honi."

Alitazama barabarani, kulikokuwa kunapita lori la mkaa likielekea mjini. "Siku ile walizunguka sana kunitafuta," akasema. "Waliuliza nyumba hii na ile, wakawatia watu hofu bure. Safari hii wakija, sitaki wapate tabu. Washuke garini, waukute mlango."

Akachomoa mambo moja ya pembeni kwa mkono wake, akaenda hatua chache kuelekea lami, akaichomeka chini na kuikanyaga kwa kisigino. Kisha akamgeukia fundi.

"Vuta kamba," akasema.